Kisanduku cha Tatu

"Shemeji, huu ukuta wa mbaazi umemjengea nani, upepo au mimi?"

Aliyeuliza ni Pundlik, mwaka ule wa kwanza wa ujane wa Anusaya, akiwa amesimama upande wake wa mpaka, jembe begani. Anusaya alikuwa ameinama akifukia mbegu, mistari minne ya mbaazi na miwili ya mtama, kati ya shamba lake na la Pundlik. Hakuinua kichwa. Alisema amewajengea wote wawili, kwa sababu wote wawili hawajui kubisha hodi.

Pundlik alicheka mpaka jembe likamteleza. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa marehemu, na shemeji mdogo katika vijiji vile vya pamba ana haki yake ya utani, hata kwa mjane. Anusaya naye alikuwa na haki ya kujibu, na hakuwahi kuiacha.

Ukuta ule, wa kuzuia dawa ya jirani isipeperukie kwake, ulikuwa na sababu yake. Vasudev, mumewe, aliuawa na dawa ya pamba. Hakuinywa. Aliibeba tu mgongoni, siku isiyo na upepo, katika bomba lililokuwa likivuja, na pamba imempita kimo. Siku ya tatu akafa, wakauchoma mwili wake kando ya mto. Matanga ya siku kumi na tatu yalipokwisha, Anusaya alilibeba lile bomba mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akarudi, akaoga, akasimama mbele ya mungu wake, Vithoba. Vithoba yule yuko kwenye rafu ya jikoni, amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kama asimamavyo mahali pote akiwangoja watu wake. Akamwapia kwamba chupa yenye picha ya fuvu haitaingia tena katika ekari zile nne. Mwaka uliofuata akajiunga na wanawake thelathini wa kikundi cha kilimo hai, na kwenye kiapo akaongeza mbegu: hatapanda pamba ya maabara, ile iliyotiwa kinasaba cha kuua funza.

Pundlik yeye alipanda hiyo hiyo ya maabara, na hakuwa mjinga. Baba yake alikuwa akipuliza dawa mara kumi na nne kwa msimu mmoja. Yeye alipuliza mara tano. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mbegu ile imemwongezea maisha, na Anusaya, aliyefiwa na mume, hakuwahi kumbishia hilo. Alichombishia ni kelele. Pundlik hakupita mpakani bila kumtupia neno: mara samadi yake inanuka mpaka ng'ombe wanaona haya, mara maji yake ya mwarobaini yanafaa kuogeshea maharusi. Nyuma ya jiko la Anusaya kulikuwa na vichaka saba vya pamba ya kienyeji, pamba ya bibi zao, nyuzi fupi, vitumba kama kokwa. Humo ndimo alimotoa pamba ya kusokotea tambi za taa ya Vithoba kila asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni. Pundlik aliiita pamba ya kusafishia masikio.

Basi miaka saba ikapita hivyo, mbaazi katikati, huyu upande huu na yule upande ule.

Mwaka wa nane mvua iliwahi na mbegu zikachelewa. Kampuni iliyokuwa ikinunua pamba ya kikundi ndiyo iliyokuwa ikileta mbegu zisizo na kinasaba, maana madukani hazikupatikana tena. Muuzaji ukimwuliza anakutazama kama umeuliza bei ya ngamia. Mwaka ule gari la mbegu halikuja. Wakaambiwa kesho, wakaambiwa Jumatatu. Udongo mweusi umeshalowa, umevimba, unangoja. Siku ya tisa Anusaya alitoka kwenda kuangalia mpaka, akaona vipakiti upande wa Pundlik, vimetupwa kwenye mfereji.

Alivijua. Kila mfuko wa mbegu za maabara ulikuja na kipakiti kidogo ndani yake, mbegu za pamba ya kawaida, nazo ziliagizwa zipandwe pembezoni mwa shamba ili funza wapate pa kula na wasiizoee sumu ya ile nyingine. Hakuna aliyezipanda. Nani atalima ukingo mzima kwa ajili ya kulisha funza? Watu walifungua mfuko mkubwa, kipakiti wakatupa. Mfereji mzima wa kijiji ulikuwa na vipakiti kila mwanzo wa mvua, kama maganda ya karanga baada ya sherehe.

Anusaya akainama, akaokota kimoja, akakisoma. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini herufi kubwa kubwa hazikumshinda. Kiliandikwa: Mbegu zisizo na kinasaba. Akakipasua. Zile za mfuko mkubwa hupakwa dawa nyekundu. Hizi zilikuwa kijivu tupu, hakuna aliyejisumbua kuzipaka kitu.

"Shemeji," Pundlik akamwita toka kwenye jembe lake la kukokotwa na fahali, "umeanza kuokota takataka zangu? Si useme tu, nikuletee mpaka mlangoni."

"Huzitaki?"

"Chakula cha funza, hicho. Chukua, uwapikie."

Hakuziokota zote siku ile. Kwanza alikwenda kwa Ratnamala, katibu wa kikundi, mwanamke mwenye daftari na sauti, akamwonyesha kipakiti. Ratnamala alikigeuza mbele na nyuma, akasoma, akasema mbona imeandikwa wazi haina kinasaba, na haina dawa, na mvua haimngojei mtu, apande. Anusaya akarudi na kikapu, akapita mifereji yote, akajaza. Akaziosha mbegu kwa mkojo wa ng'ombe na majivu, akapanda ekari zote nne. Vipakiti viwili vilibaki, akavitia kwenye debe la dengu.

Pamba ikaota. Ikaota vizuri kuliko mwaka wowote. Wakati wa vitumba ulipofika, Anusaya alipita mstari kwa mstari kama ilivyo desturi yake, akigeuza majani, akitafuta tundu la funza, na hakuona. Miaka mingine alikuwa akiwatoa kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la majivu. Mwaka huu kopo lilibaki na majivu matupu. Mtu aliyezoea kuangalia angejiuliza. Naye alikuwa mtu wa kuangalia, wa kuhesabu kuku kwa kusikia miguu yao. Lakini jambo jema hatulikagui kama tunavyokagua baya. Alidhani ameitikiwa. Aliongeza tambi ya pili kwenye taa na kushukuru.

Pundlik ndiye aliyeliona kwa jicho la mkulima.

"Shemeji," alisema juu ya mbaazi, "funza wako nao wanamfungia Vithoba siku ya kumi na moja ya mwezi?"

"Wamemcha Mungu kuliko wewe."

"Naona. Hata wangu hawafungi hivyo." Alisema hivyo na hakucheka, akaendelea na kazi yake. Neno lile lilimkaa Anusaya kama kijiwe kwenye dengu.

Wiki mbili baadaye akaja Hemraj. Alikuwa kijana wa kampuni inayonunua pamba, mpole, pikipiki yake haipigi kelele, anawaita wanawake wote mama na kuvua viatu kabla ya kuambiwa. Kila msimu alichuma majani machache katika mashamba ya kikundi, akayaponda kwenye kichupa chenye maji, akachovya kipimo cha karatasi kama kile cha malaria. Mstari mmoja, shamba ni safi. Miwili, kinasaba kimo.

Kwenye shamba la Anusaya ikatoka miwili. Akachuma tena, karibu na mbaazi: miwili. Akachuma upande wa pili, kando ya kisima: miwili. Hemraj akafuta jasho, akasema huenda ni nyuki wameleta chavua toka kwa jirani. Anusaya alikuwa amesimama nyuma yake na mkono kiunoni, akimwangalia. Akamwambia achume na katikati. Hemraj akasema haina haja. Anusaya akaenda mwenyewe katikati ya ekari nne, akarudi na jani, akampa. Mistari miwili, myekundu, hata haikusita.

Upepo hauendi shamba zima mstari kwa mstari. Nyuki hali kadhalika. Alielewa palepale. Alichokiona kwanza ni taa ya Vithoba yenye tambi mbili. Alikuwa amemshukuru Mungu wake kwa kitu kile kile kilichovunja kiapo chake. Alikaa chini kwenye tuta, akafunika kichwa kwa sari, na Hemraj akadhani analia. Hakuwa akilia. Alikuwa akipiga hesabu ya msimu mzima, siku moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye mfereji.

Hemraj alisema kutakuwa na kikao siku ya saba, ukumbi wa hekalu, na fomu ya kujaza.

Siku ya tatu baada ya kipimo Ratnamala alikuja jikoni. Alikaa, akala mkate wa mtama na pilipili ya kusaga, akasifu pilipili. Kisha akaeleza. Fomu ina visanduku viwili. Cha kwanza: mkulima amepanda mbegu ya maabara kwa makusudi. Ukikitia alama ya vema hicho, unafutwa, na jina lako linasomwa vijiji vyote vya kampuni. Cha pili: kinasaba kimetoka shamba la jirani. Ukikitia hicho, unapoteza pamba ya mwaka huu tu, mwakani unarudi. Na jirani baraza la kijiji litamwamuru aache mistari kumi ya ardhi yake mpakani bila kupanda pamba. Kikundi kikijaza upesi, pamba ya wengine inachukuliwa wiki hiyo hiyo. Kisipojaza, yote inazuiliwa, ya kinamama wote thelathini.

"Tia cha pili, dada," Ratnamala akasema. "Pundlik amekutukana miaka minane. Mistari kumi haimuui."

Anusaya akamwuliza kama anakumbuka kipakiti alichomwonyesha wakati wa mvua. Ratnamala akaitazama bilauri ya maji. Akasema vipakiti visitajwe. Vikitajwa, wataulizwa ni nani aliyeruhusu, kisha wataulizwa gari la mbegu lilikuwa wapi, na kampuni haipendi kuulizwa. Akaaga. Mlangoni akageuka, akasema hilo la pilipili alimaanisha kweli.

Siku ya tano akaja Pundlik. Hakuja na utani. Alisimama nje ya ua, karibu na pamba ya kusafishia masikio, akasema amesikia. Mistari kumi kwake ni nusu ekari, na nusu ekari ile ndiyo yenye maji.

"Najua utaniandika, shemeji. Ningekuwa wewe ningejiandika mimi." Akafikiri kidogo. "Yaani ningeniandika."

"Nenda kafunge fahali wako," Anusaya akamwambia. "Wameingia kwenye mtama wangu."

Wala hawakuwa wameingia. Lakini hakutaka kumpa neno la kumtuliza, na hakutaka kumpa la kumtisha.

Usiwaze kwamba cha pili hakikumvuta. Kilimvuta. Alfajiri ya siku ya saba alisokota tambi moja, akaiwasha, akakaa mbele ya Vithoba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alifikiri samadi ya miaka saba, na mikono yake ilivyopasuka, na kwamba bila kikundi pamba yake ni pamba tu, itapimwa sokoni pamoja na ya kila mtu. Alifikiri Vasudev, ambaye alikuwa akimpenda sana Pundlik, sijui kwa nini. Kisha akafungua debe la dengu, akatoa vile vipakiti viwili, akavitia kwenye kikapu. Akaenda nyuma ya jiko, akachuma vitumba vikavu kumi vya pamba ya kienyeji, akavitia juu yake.

Ukumbini kinamama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Hemraj kwenye meza ndogo ya chini, Ratnamala kando yake na daftari. Pundlik alikaa karibu na mlango, pale wanapokaa wasioalikwa. Hemraj aliisoma fomu kwa sauti, polepole, na kusema mama Anusaya achague tu, watu wakachume pamba yao.

Anusaya alitoa kipakiti kimoja kikiwa kimefungwa, akakiweka mezani. Akamwambia apime.

Hemraj akasema yeye hutumwa kupima majani, hakutumwa kupima mbegu. Mama mmoja mzee toka nyuma akamwuliza kama majani yake huota toka hewani. Watu wakacheka. Hemraj akaona haya, akapasua kipakiti, akaponda mbegu tano kwa jiwe la hekalu la kupondea dawa, akazitia kwenye kichupa, akachovya. Wakangoja. Walio nyuma walisimama. Mstari mmoja ukaja, kisha, kama mtu anayechelewa makusudi, na wa pili.

Kila mwanamke pale alikuwa ameviona vipakiti vile kwenye mfereji maisha yake yote ya kulima.

"Mnaona?" Pundlik akasema mlangoni, sauti ikamtoka kabla hajaizuia. "Hata funza wetu walidanganywa."

"Wewe nyamaza, wewe," Anusaya akamwambia bila kugeuka. "Hujaalikwa."

Hemraj akavuta pumzi. Kwa upole wake wote akasema anaelewa, na inasikitisha, lakini pakiti si kazi yake, na fomu ina visanduku viwili, mama. Kimoja au kingine. Akampa kalamu.

Anusaya akaipokea. Akauliza kama kuna kisanduku cha mtu aliyepanda kwa mkono wake bila kujua. Hakuna, mama. Akamtazama Ratnamala. Ratnamala alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa daftari.

Basi Anusaya akainama juu ya fomu. Chini ya visanduku viwili akachora cha tatu. Mbele yake akavuta kwanza ule mstari wa juu ambao herufi zao zote huning'inia kama nguo kwenye kamba, akaanza kutundika moja moja, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Ilichukua muda. Aliandika: Mbegu nilipanda mwenyewe. Zilitoka kwenye pakiti iliyosema ni safi. Jirani hana kosa. Akatia vema.

Hemraj akaichukua, akaisoma, akasema kwa masikitiko kwamba sasa fomu imeharibika.

"Lete nyingine."

Akaleta. Anusaya akachora kisanduku cha tatu, akavuta mstari, akatundika herufi zile zile. Kinamama wa mbele walikuwa wakisoma kwa midomo. Hemraj akasema hata hii ofisini hawataipokea, mashine haisomi maneno ya pembeni.

"Lete nyingine."

"Mama, ninazo tatu tu."

"Lete ya tatu."

Mara hii aliandika upesi zaidi, maana mkono ulikuwa umeshazoea. Alipomaliza alisema, bila kupandisha sauti, kwamba wamfute wakitaka, pamba ya maabara imo shambani kwake na hilo halikatai. Aliyekula kiapo ni yeye, na aliyekivunja ni yeye, atamjibu aliyemwapia. Mwakani mvua ikianza atapanda hii hapa. Akamimina mezani vitumba vyake kumi vidogo. Hii, alisema, nyuki apende asipende, haioani na pamba yao. Wataalamu wenyewe walisema redioni, na bibi yake alijua kabla ya redio. Nyuzi zake fupi, bei yake ndogo, na hakuna kampuni inayoileta kwa gari kwa hiyo haichelewi. Wakitaka kuja kuipima waje na karatasi zao. Wasipokuja, taa itawaka vilevile.

"Na kama kikundi hakikutaki?" Hemraj akauliza. Aliuliza kwa kweli, si kwa kejeli.

"Kikundi kiseme chenyewe. Wewe usikisemee."

Mama mzee wa nyuma akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono, akachukua kitumba kimoja mezani, akakifunga kwenye pindo la sari yake. Mwingine akafanya vivyo.

Anusaya alipangusa kalamu kwa pindo, kama kitu cha kuazima. Hakumrudishia Hemraj. Aliilaza juu ya ile fomu ya tatu, chini ya herufi zake, pale palipobaki nafasi ya aliyeruhusu naye kuandika lake, kisha akaisukuma fomu taratibu mpaka mbele ya Ratnamala. Akachukua kikapu, akainama kwa Vithoba wa hekalu. Pundlik akavuta miguu yake kumpisha. Anusaya akavaa kandambili zake na kutoka.